Netter, Gilroy au Rohen: atlasi ipi ya anatomia ununue mwaka wa kwanza

Ukiwa dukani, usiipime atlasi kwa picha ya moyo. Moyo kila mchoraji anauweza. Fungua kwapa, utafute pleksasi ya brakiali, mtandao wa neva za mkono: mizizi mitano ya neva za uti wa mgongo, kuanzia C5 ya shingoni hadi T1 ya kifuani, vigogo vitatu, migawanyo sita, kamba tatu, kisha neva zinazoshuka mkononi. Hapo ndipo vitabu hivi vinapoachana.

Netter, iliyotoka mara ya kwanza 1989, inakuchorea mkono ulioinuliwa, mafuta yameondolewa, neva za manjano na ateri nyekundu. Herufi M inayoundwa na neva hizo inajitokeza papo hapo: neva ya mediani katikati, ya maskulokutanea upande wa nje, ya ulna upande wa ndani. Kwa kushika mpangilio, haina mpinzani. Ila maelezo karibu hayapo, na majedwali ya misuli yamewekwa mwishoni mwa kila sehemu. Bila kitabu cha kiada pembeni utajua jina la msuli usijue kazi yake.

Gilroy, ya wachapishaji Thieme, imelitatua hilo: kando ya picha unakuta msuli unaanzia wapi, unajishikiza wapi, unapata neva gani, unafanya nini. Kurasa zimejaa na picha nyingi ni ndogo, lakini kwa anayejisomea mwenyewe ndiyo ya kununua.

Sasa ingia kwenye chumba cha kupasulia maiti. Rangi zote zimetoweka! Neva ni kamba nyeupe isiyo na tundu, ateri ina ukuta mnene, veni imelala bapa au imejaa damu nyeusi iliyoganda. Ile M nayo imefunikwa na mafuta na matawi ya veni, na usipoyasafisha kwanza huioni. Aliyesoma michoro peke yake hukwama hapa, na hukwama tena kwenye mtihani wa vitendo, mbele ya pini iliyochomekwa kwenye sehemu anayotakiwa kuitaja. Rohen ni picha za maiti halisi, na sehemu nyingi zimetiwa namba badala ya majina. Namba hizo zinachosha unapotafuta kitu kwa haraka, ila ukifunika orodha ya majina kwa karatasi tayari una mtihani. Iazime maktaba wiki chache kabla ya vitendo. Kuinunua si lazima.

Grant, ya tangu 1943 kutoka Toronto, iko katikati: michoro yake ya asili ilitokana na maiti zilizopasuliwa kweli, na inaonyesha jinsi mishipa inavyotofautiana kati ya mtu na mtu.

Toleo la zamani halina ubaya, mwili haujabadilika. Angalia mambo mawili tu. Netter huhesabu kwa namba za picha, si za kurasa, na namba hizo huhama kati ya matoleo, kwa hiyo mwalimu akitaja namba jua anatumia toleo lipi. Pili, msimbo wa kufungulia kitabu mtandaoni mara nyingi umeshatumika katika nakala ya mtumba, usiulipie.

Kopi ya nyeusi na nyeupe ni hasara: ateri na veni zinakuwa kijivu kimoja. Kama pesa haitoshi, toa kopi za rangi za shingo, kwapa, kinena na pelvisi. Mifupa inasomeka hata bila rangi.