Waandishi wa kulipwa kwa tovuti ya kampuni ndogo ya utalii: tathmini ya huduma mbili

Kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro haina fedha za matangazo kama kampuni kubwa, kwa hiyo makala za tovuti yake ndizo zinazoisemea mbele ya mgeni aliyeko Ujerumani au Marekani anayetafuta mtu wa kumwamini. Ofisi yetu ya Moshi imetumia huduma mbili za waandishi wa kulipwa, na tofauti kati yake ni kubwa kiasi kwamba wenye biashara wenzangu wanapaswa kuijua kabla hawajatoa fedha.

Huduma ya kwanza ni ya wakala wa mtandaoni, ambaye sitamtaja, anayeuza makala kwa hesabu ya maneno. Mteja hujaza fomu, huandika kichwa cha makala pamoja na maneno anayotaka yaonekane Google, na baada ya siku chache kazi huletwa. Kiingereza kilikuwa safi na mpangilio mzuri, ila aliyeandika hakutuuliza swali hata moja. Katika makala ya njia ya Machame alieleza kwamba wageni hulala kwenye vibanda, ilhali vibanda vya wageni viko njia ya Marangu peke yake, yaani Mandara, Horombo na Kibo, na kwenye njia nyingine watu hulala kwenye mahema. Mgeni akilipa kwa kuamini maelezo hayo, kisha akakuta hema, lawama humwangukia mwenye kampuni, si mwandishi. Kwa haki yao niseme kwamba marekebisho yalifanywa upesi na bila malipo ya ziada. Lakini walirekebisha sentensi ileile tu tuliyowaonyesha, na mzigo wa kukagua yaliyosalia ukabaki kwetu.

Huduma ya pili ni ya mwandishi wa kujitegemea aliyewahi kufanya kazi gazetini, ambaye hutoza kwa makala nzima, na bei yake ilizidi ya wakala zaidi ya mara mbili. Huyu, kabla ya kuandika chochote, alizungumza kwa kirefu na kiongozi wetu wa msafara, mpishi na wapagazi, akawauliza yale ambayo wageni huyauliza kweli: kwa nini mzigo wa mpagazi hupimwa usizidi kilo 20, kwa nini siku moja ya ziada ya kuzoea kimo humsaidia mtu kufika kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, na mpishi humpikia nini mgeni aliyepoteza hamu ya kula huko juu. Wanaotuandikia baada ya kusoma makala hizo huuliza tarehe na bei, kwa kuwa mengine wameshajibiwa.

Mazungumzo hayo ndiyo hasa ninayoyalipia. Hata Google, mnamo Desemba 2022, iliongeza uzoefu wa mwandishi katika mwongozo wa wakaguzi wake wa ubora wa kurasa, na uzoefu wa mlimani wanao watu wetu, wala haupatikani kwa kusoma tovuti za washindani. Anayetafuta mwandishi kwenye masoko ya mtandaoni ya kazi za kujitegemea, kama Fiverr, akumbuke pia kwamba soko hilo humkata mwandishi asilimia 20 ya malipo. Bei ikiwa ndogo sana, kinachomfikia hakitoshi kumfanya apige hata simu moja.

Kasoro ya mwandishi wetu ni kwamba hufanya kazi polepole na haandiki Kijerumani. Tuliandikiana mkataba unaotaja idadi ya marekebisho, unaotupa haki zote za makala baada ya malipo, na unaomtaka kiongozi wa msafara azisome kabla hazijatoka. Kwa kampuni za mlimani nashauri kazi hii ipangwe Aprili na Mei, wakati wa masika, wageni wanapokuwa wachache na viongozi wako nyumbani na nafasi ya kuhojiwa.