Kuuza zana za useremala za urithi jijini Dar es Salaam: karakana za Keko zinalipa kuliko mizani ya chuma chakavu

Aliyerithi sanduku la zana za mkono za seremala jijini Dar es Salaam anaweza kuliuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwa dalali, kwa tangazo la mtandaoni, au kwa mafundi wenyewe katika karakana zao. Njia hizi zote nimezitumia kwa zana za marehemu babu yangu, aliyefanya kazi ya milango, madirisha na samani maisha yake yote. Baada ya kuzilinganisha nina hakika kwamba kuzipeleka Keko na kuziuza moja moja kwa watu watakaozitumia ndiko kunakozipa zana hizo thamani yake.

Mnunuzi wa chuma chakavu ni mwepesi kupatikana na hulipa papo hapo, lakini yeye hununua uzito tu. Randa ya kampuni ya Stanley, saizi namba 4, yenye urefu wa takriban inchi 9, haifiki kilo mbili, kwa hiyo kwenye mizani yake inalingana na kipande cha nondo. Njia hii inafaa kwa kitu kilichokwisha kabisa, kwa mfano randa ambayo mwili wake umepasuka karibu na mdomo, yaani uwazi unakotokea makali, kwa sababu chuma cha kusubu hakikubali kuchomelewa kwa urahisi na fundi makini hatainunua.

Dalali niliyemwendea alitaka sanduku zima kwa bei moja, naye hakufungua hata kitambaa kilichofunga patasi. Tangazo la mtandaoni lilileta maswali mengi kutoka kwa watu walioko mikoani, ambao kwa haki kabisa hawakutaka kulipia msumeno ambao hawajaupinda kwa mikono yao wala kuyaona meno yake. Kwa vifaa vya umeme njia hiyo huenda ikafaa, ila zana ya mkono huuzwa kwa kushikwa.

Keko ni eneo la watengenezaji samani, ambako karakana zimepangana na vitanda, makabati na milango hupigwa vanishi kando ya barabara. Nilipofika huko jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mafundi hununua kwa mahitaji ya kazi ya leo. Mbao nyingi sasa hupitishwa kwenye mashine ya kuranda, kwa hiyo randa ndefu ya namba 7, yenye inchi 22, iliyokuwa fahari ya babu, haikupata mtu. Ile ndogo ya namba 4, ambayo fundi hubeba anapokwenda kufunga mlango nyumbani kwa mteja na kuupunguza ukingo hadi ukae, iligombewa. Patasi nazo zilikwenda haraka. Mzee mmoja alichukua patasi ya chapa ya Marples, akainyoa nayo mbao ya mninga mbele yangu, kisha akasema, “Dada, chuma hiki kinashika makali,” na akalipa bila kupunguza sana. Maneno yake yana sababu, kwani mninga na mkongo humaliza haraka makali ya patasi za bei rahisi zinazojaa madukani, na fundi anayelazimika kunoa kila mara anapoteza muda wa kazi.

Mafundi wa huko pia ni waangalifu, na nawaheshimu kwa hilo: zana huibwa sana, hivyo mtu asiyejulikana anayebeba randa kwenye mfuko hutiliwa shaka. Ni vyema kufuatana na fundi anayefahamika pale, kuwa na karatasi ya mauziano yenye jina na sahihi, na kabla ya hayo yote kuhakikisha kwamba warithi wamekubaliana na msimamizi wa mirathi ameridhia. Shangazi yangu alitaka nyundo moja ibaki nyumbani, nayo ikabaki.

Kabla ya kwenda, soma alama zilizo kwenye chuma. Jina Bailey kwenye mwili wa randa ya Stanley linatokana na Leonard Bailey, ambaye hataza zake (haki za uvumbuzi) zilinunuliwa na kampuni hiyo mwaka 1869, na umbo lake limeigwa na viwanda vingi, kikiwemo Record cha Sheffield, kilichoanza kutengeneza randa mwaka 1931. Alama ya mshale mpana ilipigwa kwenye mali ya serikali ya Uingereza. Kwa sababu hiyo, usisugue kwa grinda: inafuta alama, na joto lake huharibu ugumu wa chuma kwenye makali. Kutu ya hewa ya pwani hutoka kwa mafuta ya taa na msasa laini, au kwa kuloweka kwenye siki kisha kusuuza, kukausha na kupaka mafuta. Usitupe skrubu hata moja, kwa kuwa nati za randa hizi za zamani zina hesi (mikato ya kuzungushia) za peke yake na za dukani haziingii. Zilizonolewa kwa kinoo zilipata bei nzuri zaidi kuliko zilizosafishwa tu, maana mnunuzi aliweza kuzijaribu hapo hapo.

Wapo wanaoshauri kuuza nje kwa wakusanyaji. Ushauri huo una maana kwa vitu adimu, kama randa ya Stanley namba 1 au zile za Norris za London. Kwa namba 4, ambayo Uingereza imejaa tele, gharama ya kusafirisha chuma itakula faida yote. Kuanzia mwaka 1979 shirika la Tools for Self Reliance la huko huko Uingereza lilikusanya zana za mkono zilizotumika, likazikarabati na kuzipeleka kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwemo. Kuzirudisha Ulaya zana ambazo tayari ziko Dar es Salaam kunanisikitisha.

Randa ndefu bado ninayo. Mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi ameniomba aione, kwa kuwa wanafunzi wake hujifunza kunyoosha ukingo wa mbao kwa mkono kabla ya kuruhusiwa kugusa mashine, na nitampa kwa bei ya chini kuliko niliyokuwa nimeipanga kwa Keko.