Victoria line na Thameslink: ratiba ipi ni ngumu kubadilisha?
Zote mbili ni njia za treni za abiria zinazopita katikati ya London. Victoria line ina reli yake peke yake, vituo 16, na wakati wa msongamano hupitisha treni 36 kwa saa. Ukiongeza treni, humsumbui jirani.

Thameslink ni habari nyingine kabisa. Treni ya Bedford kwenda Brighton hutumia reli moja na treni za kampuni nyingine. Isogeze dakika 2 tu, inagongana na nafasi ya mwenzake makutanoni, na zamu ya dereva inavurugika. Ndiyo maana mabadiliko makubwa husubiri Mei au Desemba, ratiba za treni nchini zinapobadilishwa kwa pamoja. Abiria hulalamika, lakini mimi nasema heri kusubiri: Mei 2018 ratiba ilikamilishwa kwa kuchelewa, madereva wengi hawakuwa wamefunzwa njia mpya, treni zikafutwa kwa wiki kadhaa na watu wakakwama vituoni.