Seti ya vidonda bandia: inamfaa anayeanza?

Ndani mna nta ya ngozi, lateksi ya maji (mpira wa majimaji), gundi ya uso, damu bandia na kisahani cha rangi 5. Nta ndiyo bora kuliko vyote. Paka gundi, ngoja inate, kisha bandika kidonge kidogo cha nta. Kingo zake zilainishe kwa kidole chenye vaselini mpaka zipotee kwenye ngozi. Pasua nta katikati kwa mgongo wa kisu, tia wekundu wa giza ndani, damu iwe ya mwisho. Ila jua la mchana la Kampala huilegeza nta. Kwa igizo la nje, tumia lateksi na tishu iliyochanwa, tabaka 3, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Lateksi isiguse nyusi wala ndevu, itang'oa nywele. Wenye mzio wa mpira waiepuke kabisa. Wengine wajaribu mkononi siku moja kabla.

Udhaifu ni rangi. Kwenye ngozi nyeusi, ile njano ya mchubuko inang'aa na kuonekana rangi tupu. Ongeza rangi ya hudhurungi na ya damu ya mzee, hapo mchubuko unaaminika hata kwa karibu. Kiondoa gundi hakimo. Nunua kando, usibandue kwa nguvu.