Maziwa au damu: kipimo kipi kwa farasi jike anayekaribia kuzaa?

Anayemtunza farasi jike aliyefikisha mimba ya siku 330 au 340 hujiuliza kila jioni kama atakesha zizini, na jibu anaweza kulitafuta katika maziwa au katika damu.

Katika maziwa mabadiliko ni makubwa mno. Siku chache kabla ya kuzaa, sodiamu hushuka, potasiamu hupanda mpaka ikaipita, na kalsiamu huongezeka kwa kasi. Matone machache ya majimaji mazito yenye rangi ya asali, yakikamuliwa jioni na kuchanganywa na maji yasiyo na madini, hutosha kupimwa kwa kijikaratasi cha kupimia ugumu wa maji, yaani wingi wa madini kama kalsiamu. Kipimo kikifika sehemu 200 katika milioni, wengi huzaa ndani ya siku tatu. Hata hivyo, maambukizi ya kondo la nyuma huweza kuipandisha kalsiamu mapema, wakati mtoto bado hajakomaa.

Damu ni bahili wa habari, kwa kuwa homoni huidhibiti kalsiamu yake isiyumbe sana, hata kiwele kinapoifyonza kwa wingi. Kwa kutabiri usiku wa kuzaa, mimi nisingehangaika na sindano. Thamani ya damu huonekana baadaye: mama anayenyonyesha akianza kutetemeka, akakakamaa miguu na ubavu ukarukaruka kwa kufuata mapigo ya moyo, upungufu wa kalsiamu hushukiwa, na kipimo cha damu ndicho kinachouthibitisha.