Glock 19 kama bastola ya kwanza: inafaa, ila kwa masharti

Kwa mnunuzi wa tumbaku au mwenye duka wa Tabora anayeomba leseni kwa mara ya kwanza, Glock 19 ya kizazi cha tano inafaa kuliko vibastola vya mfukoni. Mtutu wake una milimita 102, magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini) inabeba risasi 15 za kipimo cha milimita 9x19, na bila magazini ina uzito wa gramu 600 hivi. Mpini unajaa kiganja, teke linadhibitika. Glock 43 ya risasi sita hufichika vizuri, lakini inarusha mkono. Mwanagenzi huiogopa, mazoezi yakaishia hapo.

Tatizo ni kwamba haina kitufe cha usalama cha kidole gumba. Ikiwa na risasi kwenye chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, kinachobonyeza triga mpaka mwisho kinaifyatua, hata kikiwa kifundo cha kamba ya koti. Basi mfuko mgumu unaofunika triga yote ununuliwe pamoja na bastola. Kuichomeka kiunoni hivihivi, au kuichanganya na pesa kwenye mkoba ukapanda bodaboda, ni kujitakia. Anayetaka kitufe aitazame bastola ya Makarov: gramu 730, risasi 8. Lakini hiyo hutumia 9x18, na risasi za moja haziifai nyingine.

Hatari kubwa zaidi iko mezani, wakati wa kusafisha, maana Glock haifunguki bila kubonyeza triga. Utaratibu haubadiliki: toa magazini kwanza, vuta nyuma slaidi (chuma cha juu kinachoteleza), kagua chemba kwa macho na kwa kidole, kisha rudia. Ndipo slaidi iachiwe, mtutu uelekezwe pasipo na mtu, triga ibonyezwe. Vuta slaidi nyuma kama milimita 3, shusha kijifungio, kile kichuma kidogo kinachoishikilia slaidi juu ya triga, pande zote mbili, isukume mbele itoke. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini anaingiza risasi nyingine chemba bila kujua.

Mafuta ni matone tu, kwenye reli na juu ya mtutu. Vumbi la kiangazi cha Tabora likikutana na mafuta mengi hugeuka tope la kusaga chuma. Kigoma, kwenye unyevu wa ziwa, tatizo ni kutu, hivyo usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi. Grisi ya rangi ya shaba inayokuja na bastola mpya usiifute.

Ganda la risasi iliyopigwa likikwama, mara nyingi kosa ni kifundo cha mkono kilicholegea: slaidi hukosa mhimili, hairudi mpaka mwisho. Wa mkono wa kulia wakipiga chini kushoto, wanakaba mpini wanapobonyeza triga. Magazini mpya ni ngumu. Risasi ya 15 inagoma, kwa hiyo tumia kile kijazio cha plastiki.

Umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Andika modeli na kipimo cha risasi kwenye maombi, usubiri jibu la polisi kabla ya kumlipa muuzaji chochote. Bajeti ihesabu pia kabati la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani kwa bolti.