Darasa la jioni la Kiingereza, Kisumu: "sorry" peke yake ilirudisha karo yangu

Mimi hutembeza wageni kwa mashua kutoka ufuo wa Dunga, na niliamini Kiingereza changu kinanitosha hadi mgeni mmoja Mwingereza alipojikwaa akipanda chomboni, nikamwambia "sorry", naye akanitazama kwa mshangao akijibu kwamba kosa halikuwa langu. Wiki hiyohiyo nilijiandikisha katika darasa la jioni linaloendeshwa kwenye ukumbi wa kukodi karibu na soko la Kibuye, vipindi kumi na viwili kwa shilingi 3,600.

Kipindi cha tano kilishughulikia neno hilo moja kwa saa nzima. Mwalimu alieleza kuwa limetoka katika mzizi uleule wa neno la Kiingereza la kidonda, na kwamba halina nasaba na neno lao la huzuni, hata kama yanafanana kwa sauti. Mwingereza hulitumia kuomba radhi, kumtaka mtu arudie asichokisikia, na hata kukataa jambo kwa adabu. Likitangulia jina la kitu, hugeuka kuwa dharau, kwa maana ya kitu duni au cha kusikitisha. Akitaka kumliwaza aliyefiwa, hulitumia pia, ila kwa kawaida hulifungia katika sentensi kamili, kwa kuwa likitamkwa peke yake mara nyingi husikika kama kukiri kosa. Sisi tumelitwika mzigo wote wa "pole", na ndiyo maana humwambia hata aliyepaliwa na maji. Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa mwalimu, 'mos' yetu ya Kijaluo tuiweke wapi?" Darasa likachangamka, maana "mos", sawa na "pole", hubeba huruma na utaratibu kwa pamoja, jambo ambalo neno la Kiingereza halina. Mwalimu, kwa sifa yake, hakusema tunakosea. Alisema tujue tu nani anatusikiliza.

Vipindi vya vihusishi vilinichosha, nakala za fotokopi zilikuwa hafifu kiasi cha kusomwa kwa kukisia, na mara mbili tulianza nusu saa baada ya wakati. Anayejiandaa kwa mtihani hatapata mengi hapa. Kwa wahudumu wa hoteli, madereva na sisi wa mashua, ninalipendekeza, mradi ufike kabla ya saa kumi na mbili, kwani walioketi nyuma hawaoni ubao.